Rivyu: kujirekodi video ili uwe vizuri ukiwa na watu

Nianze na jibu kabisa manake najua wengi mnasoma mistari miwili ya juu afu mnasepa: inafanya kazi. Kujirekodi video ukiwa unaongea, afu ukatulia ukajiangalia, ni njia nzuri sana ya kurekebisha namna unavyokaa na watu, na kwa mtu mwenye aibu, au ile hofu inayokubana koo ukiona macho yote yamekugeukia, mi naiweka juu ya vitabu vingi vya kujiamini nilivyosoma. Ila ina sharti lake. Kurekodi ni kubonyeza kitufe, kila mtu anaweza, shughuli yote iko kwenye kujiangalia, na ukijiangalia hovyo hovyo unaweza ukatoka hapo una hali mbaya kuliko ulivyoingia. Ndo maana nimeamua kuiandikia rivyu ndefu, manake watu wengi wanajaribu mara moja, wanaona sura yao, wanasikia sauti yao, wanafuta video na hawarudi tena, wanakuwa wameiacha kabla hata haijaanza kuwasaidia.

Vifaa nilivyotumia ni simu ya kawaida tu, stendi ndogo ya mezani, kile kitufe cha kurekodi kwenye mazungumzo ya video ya mtandaoni, na aplikesheni kadhaa zinazojinadi kwamba zinakupima unavyoongea. Kwenye vifaa nitapita haraka huko mbele, havina mambo mengi.

Kwanza hicho kinachowafukuza watu, yaani ule mshtuko wa kujiona na kujisikia. Unapoongea, sauti yako inakufikia kwa njia mbili, kuna inayopita hewani mpaka masikioni na kuna inayopita ndani kwa ndani kwenye mifupa ya kichwa, na hiyo ya mifupa ndo inabeba ule uzito wa chini. Kwenye rekodi hiyo ya pili haipo. Kwa hiyo unajisikia una sauti nyembamba, unajiuliza huyu nani, kumbe hiyo ndo sauti ambayo watu wako wameizoea miaka yote na hawajawahi kuona shida nayo. Watafiti Philip Holzman na Clyde Rousey waliliandikia jambo hili mwaka 1966, na wao walienda mbele zaidi, wakasema kinachotukera siyo wembamba wa sauti peke yake, kwenye rekodi tunasikia pia vitu ambavyo hatukukusudia kuvitoa, kusitasita, unyonge, kaukali fulani hivi. Ukilijua hilo mapema unavumilia, unajua kero ya mwanzo ni ya kila mtu na inapungua ukizoea kujisikia.

Sura nayo hivyo hivyo. Maisha yako yote umejiona kwenye kioo, na kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Video haigeuzi, au tuseme simu nyingi zinakuonyesha ukiwa umegeuzwa wakati unarekodi afu video ikishahifadhiwa inakaa upande wake wa kweli, kwa hiyo unajiona uso umepinda, nywele zimeenda upande usiouzoea. Kuna utafiti wa mwaka 1977, wa Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha watu picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama ya kwenye kioo. Wenyewe walielekea kuipenda ya kioo, marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Kila mtu alipenda aliyoizoea, basi. Sura yako haina kasoro mpya iliyozaliwa siku uliyonunua simu.

Na kingine ambacho watu hawakijui, umbali wa kamera unakuharibia sura. Mwaka 2018 kuna madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakaonyesha kwamba kwenye picha iliyopigwa kwa umbali wa kama sentimita 30, pua inaonekana kubwa kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na picha ya kama mita moja na nusu. Kwa hiyo usishike simu mkononi. Iweke mbali, mita moja na nusu au zaidi, tumia kamera ya nyuma kama unaweza ili usijione wakati unarekodi, na iwe usawa wa macho ya mtu anayekaa mbele yako. Hapo utaona kitu kinachokaribiana na wanachokiona wenzako, ndo tunachokitafuta.

Haya sasa tuingie kwenye kiini. Mtu mwenye hofu ya watu ana picha yake kichwani, na hiyo picha anaitengeneza kutokana na anavyojisikia ndani. Moyo unaenda mbio, basi anaamini watu wanauona ukienda mbio. Kiganja kimelowa, basi anaamini kila mtu kwenye chumba anajua. David M. Clark na Adrian Wells walilieleza hili vizuri mwaka 1995 kwenye maelezo yao ya hofu ya kijamii, kwamba mtu akiwa mbele za watu anageuza macho yake yote kujitazama ndani, anachukua hisia zake anazifanya ushahidi wa jinsi anavyoonekana nje, na kwa sababu yuko bize na hizo hisia anakosa kabisa kuona watu walivyompokea kweli. Video inaikata hiyo minyororo kwa sababu inakupa ushahidi wa nje. Mwaka uliofuata, 1996, Rapee na Hayman wakaonyesha kwamba watu wenye hofu ya aina hiyo wakijiangalia kwenye video wanajipa maksi zilizo karibu zaidi na zile wanazopewa na watazamaji wengine, tofauti na walivyojipima kwa kumbukumbu tu.

Lakini hapa ndo pa kukaza, jamani. Ukimchukua mtu mwenye hofu ukamwekea video yake bila maandalizi, hofu inamfuata mpaka kwenye kiti. Anajiona pale, anakumbuka alivyojisikia, anaona alichokumbuka badala ya kilichopo kwenye skrini. Mwaka 2000 Harvey, Clark, Ehlers na Rapee walilijaribu hili, wakaongeza maandalizi kabla ya mtu kubonyeza play, na waliopewa maandalizi walifaidika na video zaidi ya waliowekewa tu. Maandalizi yenyewe ni mepesi mpaka unashangaa. Kabla ya kuangalia unatabiri kwa undani utaona nini. Unafumba macho unaitengeneza hiyo picha kichwani kabisa, ulivyoonekana, mikono ilifanya nini, sauti ilikuwaje. Afu unaiangalia video ukimchukulia yule pale ni mtu baki, humjui, na hisia zako unaziacha pembeni, unashughulika na kinachoonekana na kinachosikika tu.

Hii kitu usifanye kwa kichwa, andika. Kuandika ndo kunakuzuia usijidanganye baadaye.

Mfano wa rafiki yangu, na amenikubalia niueleze ilimradi nisimtaje. Alikuwa na kazi ya kusimama mbele ya wenzake aeleze mradi wao, tukarekodi mazoezi, watu watatu wamekaa mbele yake wanamsikiliza. Alipomaliza, kabla hajagusa simu, nikampa karatasi akaandika: mikono ilitetemeka, tisa kati ya kumi, sauti ilikatika, nane, nilinyamaza muda mrefu katikati, kama nusu dakika hivi, kila mtu akaona nimepotea. Tukaangalia. Mikono ilikuwa imeshika kalamu, na ile kalamu inacheza kidogo sana kwenye ncha, lazima usogee karibu na skrini ndo uione. Sauti haikukatika, ilishuka mwishoni mwa sentensi mbili tatu. Na ule ukimya, tukaurudisha tukauhesabu kwa saa ya kwenye video yenyewe: sekunde nne. Kwenye hizo sekunde nne unamuona anaangalia chini, anameza mate, anageuza ukurasa, anainua uso anaendelea. Ungekuwa umekaa pale ungesema huyu anafikiria. Mmoja wa wale wasikilizaji alitumia huo muda kuandika kitu kwenye daftari lake, wala hakuinua kichwa. Rafiki yangu akarudisha hicho kipande tena na tena, akawa anasema tu, lakini mimi nilikuwa nakufa pale. Ndo hivyo, alikuwa anakufa ndani na nje hakuna msiba.

Hilo nalo limeshachunguzwa. Thomas Gilovich na wenzake waliandika mwaka 1998 kuhusu tabia yetu ya kudhani yaliyo ndani yetu yanaonekana nje kuliko yanavyoonekana kweli, na mwaka 2003 yeye na Kenneth Savitsky wakaonyesha kwamba hata kumwambia mtu tu, kabla ya kuhutubia, kwamba wasikilizaji hawaoni wasiwasi wake kama anavyodhani, kunamfanya ahutubie vizuri zaidi. Kuambiwa kunasaidia, ila kuona kwa macho yako kunakaa muda mrefu, ndo maoni yangu baada ya kuwaona watu kadhaa wakipita kwenye hii njia.

Sasa urekodi nini? Wengi wanaanza kwa kukaa peke yao wanaongea na kamera. Siyo mbaya, na kwa mtu ambaye hata kuongea na mtu wa duka kunamtoa jasho ni pa kuanzia pazuri, utaona kasi yako, utasikia zile "yaani" na "unajua" na "aaa" zako, utaona kama macho yako yanakimbilia dari kila ukitafuta neno. Lakini wakuu, kuongea na kamera siyo kuwa na watu. Kamera haikukatizi, haichoki, haina jambo lake inalotaka kusema. Kukaa na mtu nusu yake, pengine zaidi ya nusu, ni kusikiliza, na ukijirekodi peke yako hiyo nusu yote haipo kwenye video. Nimeona watu wanajirekodi hivyo miezi na miezi, wanakuwa wazungumzaji wazuri sana wa peke yao, afu ukiwakuta mezani na watu wako vile vile.

Kwa hiyo rekodi mazungumzo ya kweli, na mtu aliyekubali. Rafiki, ndugu, mtu unayemwamini. Mwambie unafanya nini na kwa nini, wengi wanakubali kwa moyo kabisa na wengine wanaomba na wao wajione. Weka kamera nyuma ya bega la mwenzako ikikuangalia wewe, ili uone anachokiona yeye. Mahali inapokaa kamera siyo jambo dogo, kuna jaribio maarufu la Michael Storms la mwaka 1973 ambapo watu waliomaliza mazungumzo walionyeshwa video wakijitazama kutoka upande wa mwenzao, na namna walivyoeleza tabia zao ikabadilika, wakaanza kuangalia wao wenyewe wakoje badala ya kulaumu mazingira tu. Ukikaa upande wa mwenzako kwa dakika kumi, kuna maswali ambayo hukuwahi kujiuliza yanajileta yenyewe.

Ongeeni chochote, msiigize. Dakika za mwanzo zitakuwa za bandia, kila mtu anajua kamera ipo, afu inasahaulika. Mi huwa siangalii kabisa mwanzo wa rekodi, naruka naenda katikati.

Na ukienda katikati, tafuta vipande ambavyo wewe umenyamaza. Hapa ndo penye utajiri wote, na sijui kwa nini hapasemwi. Toa sauti. Angalia uso wako wakati mwenzako anaongea. Kwenye rekodi zangu nilikuta kwamba nikisikiliza kwa makini sana nakunja ndita, mdomo unabana, yaani mtu asiyenijua atasema nimekasirika, na hapo ndani nilikuwa nimependezwa kweli kweli na ninachoambiwa. Kwa miaka watu walikuwa wananiuliza "vipi, kuna tatizo?" katikati ya maongezi nikawa sielewi swali linatoka wapi. Video ikajibu bila neno hata moja. Sikujifunza kutabasamu muda wote, hiyo ingekuwa uigizaji na ingenichosha, nilichofanya ni kuitikia kwa sauti zaidi, "ehee," "enhe, ikawaje," ili mwenzangu apate habari zangu kwa masikio kama uso hauzitoi.

Kingine cha kutafuta kwenye vipande vya kimya ni zamu. Watu wakiongea wanapokezana kwa haraka ajabu. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichunguza lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia wakakuta kwamba kati ya swali na jibu, pengo la kawaida linazunguka kwenye milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde, na lugha zinatofautiana kidogo tu. Huwezi kusubiri mtu amalize ndo uanze kupanga, unakuwa umeshaanza kujipanga yeye akiwa bado anaongea. Sasa ukiangalia video taratibu utaona dalili ambazo kwenye maongezi zinapita: mtu anayetaka kusema anavuta pumzi, kifua kinapanda, midomo inaachana kidogo, mkono unanyanyuka kwenye meza unabaki hewani. Nina kipande kimoja ambacho kamera ilikuwa pembeni inatuchukua wote wawili, mwenzangu anaeleza habari ya kazi yake, anafika kwenye "lakini shida ni…" anasimama, anaangalia kikombe, anakizungusha kwa vidole, na mkono wangu unaanza kunyanyuka kujaza ule ukimya, afu unashuka. Anaendelea mwenyewe. Na alichokisema baada ya pale ndo kilikuwa jambo lenyewe, yote ya kabla yalikuwa utangulizi. Nimekirudia sana hicho kipande kwa sababu kinaonyesha ukimya wa mtu anayetafuta maneno unafananaje, na unatofautianaje na ukimya wa mtu aliyemaliza. Aliyemaliza anakutazama wewe. Anayetafuta anatazama pembeni. Sisemi ni sheria ya dunia nzima, ila kwenye rekodi zangu imejirudia mno.

Kwenye kuangalia, mi napendekeza pasi kadhaa, yaani kuirudia mara kadhaa video moja fupi, kuliko video ndefu nyingi. Pasi ya kwanza bila sauti. Ya pili sauti tupu, simu imelala kifudifudi mezani, hapo utasikia unavyoongea bila sura kukusumbua, utasikia mwisho wa sentensi zako unavyomezwa, utasikia unavyocheka kabla hujasema jambo zito ili kulipunguza makali. Ya tatu ongeza kasi mara mbili, hii nzuri sana kwa ishara za mwili, kama una tabia ya kujigusa shingo au kutingisha mguu kwa kasi hiyo itajitokeza waziwazi maskini wa Mungu, huwezi kuikosa. Ya mwisho ndo ya kawaida, yote pamoja. Afu uchague kitu kimoja cha kufanyia kazi. Kimoja. Kocha wa mpira akirudia mechi na wachezaji hawapi makosa yote ya dakika tisini, anasimamisha picha mahali pamoja, anawaonyesha beki alikuwa wapi, anafunga, wanaenda uwanjani kulifanyia mazoezi hilo hilo. Ukiandika orodha ya mambo ishirini umejitengenezea sababu ya kujichukia tu.

Walimu wamekuwa wakifanya hivi tangu zamani kwa kweli. Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya mwanzo ya 1960, Dwight Allen na wenzake walianzisha mafunzo ambayo mwalimu mwanafunzi anafundisha kasomo kafupi cha dakika chache kwa wanafunzi wachache, anarekodiwa, anatazama na msimamizi wake, afu analifundisha tena. Hilo "tena" ndo watu wanaloliruka. Wanarekodi, wanaangalia, wanasikitika, wanalala. Ukishaona kitu, rudi ukafanye mazungumzo mengine ndani ya siku chache ukiwa na hicho kitu kimoja kichwani, bila kamera hata, afu siku nyingine urekodi tena.

Sasa kuna sehemu ya hii njia ambayo ndo naipenda kuliko zote na watu wengi hawaijui kabisa, kujitengenezea video ya ulipofanya vizuri. Mwaka 1970 Thomas Creer na Donald Miklich waliandika kuhusu mtoto aliyerekodiwa akiigiza tabia nzuri, afu akawa anaonyeshwa video yake mwenyewe, na tabia ikabadilika baada ya kujitazama. Baadaye Peter Dowrick akaifanyia kazi njia hii miaka mingi, watu wanahaririwa video zao mpaka wanabaki na vipande wanavyofanya vizuri tu, wanaviangalia mara kwa mara, imetumika kwa watoto wenye usonji, kwa wanaosita kuongea, kwa wanamichezo. Kwa matumizi ya nyumbani ni rahisi, kata vile vipande ulivyomsikiliza mtu vizuri, uliposalimia kwa uso mchangamfu, ulipouliza swali mtu akafunguka, viunganishe viwe dakika moja au mbili, na uviangalie kabla ya kwenda mahali penye watu. Mi nilipoanza hiyo ndo nikaona mabadiliko yanakuja haraka kuliko kwa kuangalia kasoro. Inaeleweka, kwenye video hiyo unamuona mtu mwenye uso wako akifanya kile unachodhani huwezi, na huwezi kubisha kwamba siyo wewe.

Vifaa, kwa haraka. Simu yoyote inayorekodi inatosha, hauhitaji ubora mkubwa, dakika moja ya 1080p inakula kama MB 60 mpaka 130 kutegemea simu inavyobana video, kwa hiyo kama nafasi ni ndogo shusha mpaka 720p na hautapoteza chochote cha maana, uso utaonekana tu. Stendi ni muhimu kuliko kamera, simu iliyoegeshwa kwenye glasi itaanguka katikati ya maneno matamu. Mwanga uwe mbele yako, dirisha likikaa nyuma yako utaona kivuli kinachoongea.

Mazungumzo ya video ya mtandaoni yanarekodika kirahisi na ni mazuri kwa mazoezi, ila ficha kile kidirisha kinachokuonyesha wewe mwenyewe. Kujiona papo hapo wakati unaongea ni kitu tofauti kabisa na kujiona baadaye, papo hapo kunakurudisha kwenye kujichunguza ambako ndo ugonjwa wenyewe. Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 kuhusu kwa nini mikutano ya video inachosha, na kujitazama muda wote ni moja ya sababu alizozitaja. Pia kumbuka kwenye video hizi huwezi kupima kuangaliana machoni, ukimtazama mtu kwenye skrini yeye anakuona unatazama chini, kwa hiyo usijihukumu kwa hilo.

Aplikesheni za kukupima sizipendekezi sana. Zile nilizozijaribu zinahesabu maneno kwa dakika na vijineno vya kujazia, na hapo tu zinakwama, "yaani" na "sasa" zangu hazikuzijua hata moja. Zaidi ya hapo, zinapima kuongea. Hakuna hata moja kati ya nilizotumia iliyoniambia lolote kuhusu nilivyosikiliza, na hizo alama zinazotoa mwisho zinamfanya mtu akimbize alama badala ya kumtazama mtu aliye mbele yake.

Mapungufu ya njia yenyewe yapo na sitayaficha. Inakula muda, dakika kumi za mazungumzo zinaweza kukuchukua saa nzima kuzipitia vizuri. Haikuonyeshi mwenzako alijisikiaje, kwa hilo inabidi umuulize, na mi nashauri mtazame pamoja, useme unachokiona na yeye aseme alichokuwa anakisikia, kuna nyakati atakwambia pale ulipoona umeharibu yeye ndo alikuwa amefurahi. Na haimfai kila mtu. Kama una tatizo kubwa na mwili wako au sura yako, la kukufanya ushinde kwenye kioo au ukwepe vioo kabisa, usianze hii peke yako nyumbani. Vivyo hivyo kama ukishatoka kwenye watu huwa unalala unarudia kila neno mpaka alfajiri, video bila mtu wa kukuongoza inaweza kuwa kuni kwenye moto huo, nenda kwa mtaalamu wa saikolojia, hii ni sehemu ya matibabu ambayo baadhi yao wanaitumia na watakuandalia vizuri. Kipimo changu rahisi ni hiki, ukimaliza kuangalia unaweza kutaja kitu kimoja kilichokwenda sawa? Kama mara zote jibu ni hapana, simamisha, mwite mtu muangalie naye.

Kama aplikesheni ningezipa nyota moja na nusu, njia yenyewe naipa nne na nusu, na hiyo nusu imekatwa kwa sababu ya muda inaokula na kwa sababu mtu akiingia bila maandalizi anaweza kuumia.

La mwisho ni ruhusa, na hapa sina utani. Usimrekodi mtu bila kumwambia, hata kama ni mazoezi, hata kama huna nia mbaya, sehemu nyingi ni kosa la kisheria na hata pasipo na sheria unakuwa umeua uaminifu wa mtu ambaye ndo unajifunza kukaa naye. Omba kabla, siyo baada. Usizitupie kwenye mitandao, siku unayoanza kurekodi ukiwafikiria watazamaji utaanza kupozi na video haitakuonyesha wewe tena. Kwenye simu nyingi video zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kaangalie setingi zako uzime hilo kwa hizi rekodi au uzihamishie kwenye folda yenye nywila. Na ukishatoa vipande vyako unavyovitaka, futa rekodi nzima yenye mwenzako, futa na kwenye kapu la vilivyofutwa manake huko huwa zinakaa siku kadhaa, afu mwambie umefuta.